Mume anaposoma simu yako wakati wa talaka: usifute kwanza

Dada uliyeuliza kama sheria inakulinda dhidi ya mume anayesoma ujumbe wako ilhali shauri la talaka bado linaendelea: inakulinda. Lakini naomba usiguse chochote kwenye hiyo simu kabla ya kumaliza kusoma haya, kwa sababu mimi niliharibu nusu ya ushahidi wangu kwa pupa ya usiku mmoja.

Yangu yaliibukia kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa la kata, ambako hapa Tanzania Sheria ya Ndoa ya 1971 inatutaka kupita kabla ya kwenda mahakamani. Mume wangu aliwaambia wajumbe kwamba nimeshapanga kuhamia "kile chumba cha uani kwa mama", maneno niliyomwandikia dada yangu peke yake, juzi yake. Usiku ule nilifungua WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, nikakuta kompyuta ambayo sijawahi kuimiliki, nayo ilikuwa imetumika jioni ileile. Kwa hasira nikaiondoa papo hapo. Wakili aliponiuliza picha iko wapi, nilibaki nakodoa macho.

Bahati yangu ni kwamba mume wangu alikuwa ameingia pia kwenye barua pepe yangu. Safari hii niliazima simu ya jirani, nikapiga picha ya kioo cha simu yangu ikionyesha aina ya kifaa na tarehe, nikaandika daftarini siku, saa na nani alikuwepo, ndipo nikabadilisha nywila. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaukubali ushahidi wa aina hiyo, ila mahakama huangalia ulivyotengenezwa na ulivyotunzwa, kwa hiyo simu yenyewe usiiuze wala usiifute.

Kosa lenyewe limo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: kifungu cha 4 kinakataza kuingia kwa makusudi na bila haki katika mfumo wa kompyuta, na cha 6 kinakataza kunasa mawasiliano. Sikuona humo mstari unaomsamehe mtu kwa kuwa ni mume au mke, na Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu, mwenye ndoa na asiye nayo. Nilikwenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, nikaeleza, nikapewa RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yangu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 huenda ukaisikia ikitajwa. Wakili wangu hakuitegemea kwa ugomvi wa ndani ya nyumba.

Hata hivyo sikuisukuma kesi ya jinai, na najua wapo watakaonilaumu. Nilikuwa nadai matunzo ya watoto wawili kutoka kwa mtu huyohuyo, na baba aliye mahabusu haleti ada ya shule. Badala yake wakili alimwandikia barua ya kumtaka aache, akaitaja RB, kisha upelelezi ule wa mume wangu kwenye simu yangu tukauingiza kwenye madai ya talaka kama ukatili wa kiakili, ambao kifungu cha 107 cha Sheria ya Ndoa kinautambua miongoni mwa dalili za ndoa kuvunjika. Wewe kama unatishiwa au unafuatwa njiani, usinifuate mimi, polisi watangulie.

Kaka yangu, kwa kunionea uchungu, alijitolea kuifungua simu ya shemeji yake "tujue naye anapanga nini". Wakili alimkatiza kabla hajamaliza sentensi, kwa kuwa kifungu cha 4 kingetukamata sisi vilevile.

Jambo la mwisho ni laini ya simu, na hili ndilo wengi tunalisahau. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mimi niligundua kwamba namba niliyoitumia miaka sita ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mume wangu tangu uchumba, maana yake angeweza kwenda dukani akairudisha kwenye kadi mpya kama mwenye mali, na kila msimbo wa benki ungeingia kwake. Hapo usibishane naye; sajili laini yako mwenyewe, hamishia benki na barua pepe huko, kisha ndipo umpe wakili wako namba mpya.