MP4 ni mfuko tu: maneno anayokurushia mhariri wa video

Swali: Huwa narekodi mahojiano kwa simu na kumtumia mhariri. Safari iliyopita aliniomba MP4, nikampa MP4. Akanijibu: "Hii ni H.265, inakwama, na fremu hazilingani. Nirudishie ikiwa fremu 25, la sivyo itabidi nitengeneze proksi." Kwenye simu yangu video inacheza bila shida. Kodeki ni nini, fremu zinalinganaje, na proksi ni kitu gani? Wakitaja bitireti na kurenda, huwa natikisa kichwa tu kana kwamba nimeelewa.

Jibu: Mhariri alipokuomba MP4 tu, hakuomba vizuri, nawe ukamjibu sawasawa na alivyouliza. MP4 si aina ya picha. Ni mfuko. Ndani yake mna picha, mna sauti, pengine na maandishi ya tafsiri, pamoja na maelezo ya namna vyote vitakavyokwenda sambamba. MOV ni mfuko mwingine. Ukilibadilisha jina la faili kutoka .mov kuwa .mp4, umebandua lebo na kubandika nyingine. Kilichomo ni kilekile.

Kodeki ndiyo mbinu iliyotumika kuzibana hizo picha. H.264 ilitoka mwaka 2003 na inafunguka karibu kila mahali. H.265, ya mwaka 2013, inaweza kukupa ubora unaokaribiana kwa takriban nusu ya ukubwa, ndiyo maana simu nyingi zinaitumia.

Sasa kwa nini icheze kwako, ikwame kwake? Kodeki hizi mbili kwa kawaida hazihifadhi kila picha nzima. Zinahifadhi picha moja kamili, kisha kwa picha kadhaa zinazofuata zinaandika kilichobadilika tu: mdomo umefunguka, mkono umesogea, ukuta wa nyuma uko palepale. Simu yako inacheza kuanzia mwanzo kwenda mbele, tena ina kifaa maalumu cha kufungua H.265, hivyo haihangaiki. Mhariri hachezi video hivyo. Anaruka hadi dakika ya nne, anarudi nyuma fremu tatu (fremu ni picha moja tuli ya video) akitafuta mahali ambapo mzungumzaji amevuta pumzi, anakata. Kila anaporuka, kompyuta inalazimika kurudi kwenye picha kamili iliyo karibu na kujumlisha mabadiliko yote mpaka ifike pale alipo. Akiwa na kamera tatu kwenye taimulaini moja (mstari wa muda anaopangia klipu), hesabu hiyo inafanyika mara tatu.

Dawa ni proksi, yaani nakala nyepesi ya klipu zako. Picha ya 4K ya 3840 kwa 2160 ina pikseli (nukta za picha) zaidi ya milioni 8. Nakala ya 1280 kwa 720 ina moja ya tisa ya hizo. Mhariri anakata kwa kutumia nakala, na wakati wa kutoa kazi, yaani kuifunga kwenye faili la mwisho, programu inarudi yenyewe kwenye faili za asili. Kutengeneza proksi ni kazi yake. Kazi yako ni kutoyagusa majina ya faili baada ya kuzituma, kwa sababu programu nyingi huzitafuta kwa majina hayo.

Kuhusu fremu, hapo simuungi mkono mhariri wako moja kwa moja. Video ni picha tuli zinazopita upesi: sinema kwa desturi 24 kwa sekunde, televisheni 25 au 30 kutegemea nchi (30 hiyo mara nyingi ni 29.97). Klipu ya 30 ukiigeuza kuwa 25 kwa njia ya kawaida, programu hutupa picha moja katika kila sita, na mtu anayetembea anaonekana kama anajikwaa. Kama mahojiano yote yamerekodiwa kwa 30, afadhali yahaririwe kwa 30.

Ila kwenye "hazilingani" ana haki. Simu nyingi hupunguza au kuongeza fremu zenyewe, kwa mfano mwanga unapofifia. Kuna mahojiano ya dakika 40 niliyoyapokea hivyo: mwanzoni mdomo na sauti vilikwenda pamoja, kufika mwisho mtu anafunga mdomo ilhali neno bado linasikika. Nilikata na kusogeza sauti kipande kwa kipande usiku mzima. Siku hizi, klipu ya simu naigeuza kwanza iwe ya fremu thabiti, kwa idadi ileile iliyokusudiwa, ndipo naiweka kwenye taimulaini.

Bitireti ni kiasi cha data kwa kila sekunde. Hesabu yake inahitaji uangalifu kidogo: inapimwa kwa biti, faili linapimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Megabiti 50 kwa sekunde ni megabaiti 6.25, yaani megabaiti 375 kwa dakika. Kuipandisha wakati wa kutoa kazi hakurudishi ubora uliopotea wakati wa kurekodi. Maji hayaongezeki kwa kuhamishiwa ndoo kubwa. Programu za ujumbe nazo huibana video upya ukiituma kama video, kwa hiyo itume kama faili.

Kurenda ni kompyuta kukokotoa picha zilizokwisha kuwekewa rangi, maandishi na madoido. Kutoa ni kuzifunga kwenye faili la mwisho. Watu huyachanganya maneno haya kila siku na kazi inakwenda.

Kabla ya kurekodi tena, muulize: "Mradi ni wa fremu ngapi, na unataka kodeki gani?" Kisha fungua mipangilio ya kamera ya simu na uchague hivyo. Ukituma, ambatanisha mstari mmoja tu: "3840 kwa 2160, H.264, fremu 25, sauti kilohezi 48." (Hiyo ya mwisho ni mara ngapi sauti inapimwa kwa sekunde: elfu 48.) Kama simu yako haina chaguo la kuzuia fremu zisibadilike, mwambie hilo pia kabla hajaanza kukata.