Shangazi, walimu wangu wa sande skuli wananikimbia

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi ni mratibu wa sande skuli kwenye usharika mmoja hapa Dar, nimeajiriwa, napata posho kila mwezi, walimu wangu wote ni wa kujitolea. Mwaka jana walikuwa 14, saa hizi wamebaki 6 na kati ya hao wawili wanakuja wakijisikia. Nimefungua grupu la WhatsApp nikaweka ratiba, anayechelewa namtaja humo humo ili wenzake wajifunze lakini wapi, watu wanasoma meseji wanakaa kimya. Siku ya Mikaeli na Watoto ndo ikawa balaa, watoto waliongoza ibada vizuri mpaka kanisa zima vigelegele, nikapewa maiki nikamshukuru mchungaji, wazee wa kanisa na kwaya, Jumapili iliyofuata walimu watatu hawakuonekana mpaka leo. Mchungaji anasema niongoze kama mtumishi. Sasa mbona mi ndo natumika kuliko wote, masomo naandaa mwenyewe, chaki nanunua mwenyewe, naamka alfajiri! Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na hiyo maiki. Umetaja mchungaji, wazee, hadi kwaya, halafu waliowafundisha watoto ngonjera wiki zote hizo nyuma ya kanisa jua linawaka hukuwataja hata mmoja. Hata mimi nisingerudi. Nenda kwao mmoja mmoja, nyumbani siyo kwa simu, uwaombe radhi, na usibebe ratiba kwenye pochi.

Hilo grupu nalo, acha kumuanika mtu mbele ya wenzie. Aliyeajiriwa ukimsema atavumilia maana mwisho wa mwezi upo, wa kujitolea kaja kwa moyo tu, ukimvunja huo moyo Jumapili anabaki kwake anafua nguo zake, utamfanya nini?

Sasa hapo unaposema unatumika kuliko wote, nakuelewa ila sikubaliani na wewe. Ile Yohana 13 wengi tunaisoma nusu. Yesu kweli alijifunga kitambaa akaosha miguu ya wanafunzi, lakini alipomaliza akawaambia na wao waoshane, hakuwanyang'anya kazi, na hakutuma meseji usiku kuwahesabia ameosha miguu mingapi (samahani mwanangu, nakutania kidogo). Wewe unafanya kila kitu mwenyewe halafu unalalamika wenzio hawafanyi. Hebu niambie, ufunguo wa kabati la vifaa anao nani? Nabashiri unao wewe peke yako, kwa hiyo mwalimu anawahi saa 1, anakaa kwenye ngazi na watoto 30 wanarukaruka anakusubiri wewe ufungue.

Nilipokuwa binti nikifundisha kijijini tulikuwa na mwinjilisti mmoja, pale ndo alikuwa analipwa peke yake. Ukifika unakuta benchi zimepangwa, ubao umefutwa, na vipande viwili vya chaki vimeviringishwa kwenye karatasi yenye jina lako. Basi. Darasa ni lako, yeye anakaa nyuma na vitoto vidogo, kimoja kikilia anakibeba anatoka nacho nje. Ijumaa jioni tunakutana kuandaa somo na kila mara anauliza, "Wewe hapa ungewaambiaje watoto?" halafu ananyamaza kweli, anasubiri jibu. Siku moja nilichanganya habari za Yona na za Nuhu, watoto wakanicheka, yeye darasani hakusema kitu, akaja kunirekebisha tukiwa njiani wawili tu.

Kwa hiyo chonga funguo mbili zaidi uwape walimu wawili, chaki iingie kwenye bajeti ya usharika isitoke mfukoni mwako, na somo mliandae pamoja. Na asiyekuja kabisa usimwogope, mfuate umuulize, labda ana mtihani au ana mtoto mchanga, akisema hawezi tena muage vizuri mbele ya watoto wake, siku hiyo maiki iwe yake.

SWALI: Shangazi mi nafundisha sande skuli, napanda daladala mbili kufika kanisani, nikiomba nauli naambiwa kazi ya Mungu haina malipo. Ni kweli? Mwalimu, Mwanza.

JIBU: Mwambie huyo kwamba Robert Raikes, yule mwenye gazeti wa Gloucester kule Uingereza, alipoanzisha shule yake ya Jumapili mwaka 1780 aliwalipa wanawake waliofundisha shilingi moja kwa siku, mambo ya kujitolea bure yalishika kasi baadaye. Sisemi mdai mshahara, ila nauli si mshahara. Pigeni hesabu ya kwenda na kurudi kwa Jumapili 4, mwandikie barua baraza la wazee kabla bajeti ya mwaka haijapitishwa, msaini wote. Na Jumapili ambayo huna nauli toa taarifa ubaki nyumbani, usije kwa mguu ukafika na hasira ukazimalizia kwa watoto wa watu.