Divisheni za michezo ya vyuo Marekani: angalia fedha kwanza

Mleta mada umeuliza kama mkimbiaji akikubali chuo cha Divisheni III atakuwa ameshuka daraja, kama timu inayotoka Ligi Kuu. Hapana mkuu. Kule Marekani hakuna kupanda wala kushuka kwa matokeo ya uwanjani. Chuo hujichagulia divisheni, kisha kinabanwa na masharti yake. MIT, kile chuo kikuu maarufu cha teknolojia, iko Divisheni III, na sidhani kama kuna atakayeiita timu ya mchangani.

Divisheni tatu za NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo Marekani, zilianza 1973. Ya kwanza inadai chuo kiendeshe michezo isiyopungua 14, ya pili 10. Zile herufi FBS na FCS ni makundi mawili ya Divisheni I kwenye futiboli ya Kimarekani tu, mwanariadha hazimhusu.

Watu wanaumia kwenye pesa. Divisheni III haitoi skolashipu ya michezo hata senti. Kocha akikwambia kuna "msaada", ujue unatokana na masomo au hali ya familia, na kasi ya miguu haiongezi kitu. Divisheni II, kwa riadha na mbio za nyika za wanaume, fungu la timu nzima ni skolashipu 12.6, na kocha anaruhusiwa kuzikatakata. Akizigawa sawa kwa vijana 30, "nimekupa skolashipu" ni kama asilimia 42 ya skolashipu kamili tu. Divisheni I nayo ina mtego: Harvard na wenzake wote wa Ivy League (kundi la vyuo vinane vyenye jina) wamo humo lakini hawatoi skolashipu ya michezo. Tangu 2025, vyuo vilivyoingia kwenye utaratibu mpya wa vyuo kuwalipa wanamichezo vimewekewa ukomo wa idadi ya wachezaji badala ya ukomo wa idadi ya skolashipu. Mbio za nyika ni watu 17, basi nafasi zimebana.

Msichanganye na NJCAA, chama cha vyuo vya miaka miwili. Nacho kina divisheni tatu, ila ya pili kule hulipa ada na vitabu, chumba na chakula unajitegemea. NAIA ni chama kingine kabisa.

Kwa hiyo barua ya ofa ikifika, chukua kalamu. Jumlisha ada, chumba, chakula, vitabu na bima ya afya (hii husahaulika sana). Toa msaada ulioandikwa, usihesabu ulioahidiwa kwenye WhatsApp. Tuseme gharama ni dola 48,000 na msaada 30,000: pengo ni 18,000 kila mwaka. Chuo hakitatoa fomu ya I-20 mpaka uonyeshe pengo la mwaka wa kwanza litalipwa na nani, na bila fomu hiyo hakuna viza ya mwanafunzi. Muulize kocha pia, kwa barua pepe, kama msaada ni wa mwaka mmoja au zaidi, na mkimbiaji akiumia goti msaada unaendelea au unakatwa.