Kabla ya Kuandika Bei ya Kombora, Isome Kampuni: Mfano wa Lockheed Martin

Kazi yangu ni kuhariri habari za kimataifa kwa Kiswahili, na tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022 ni nadra wiki kupita bila taarifa yenye majina ya HIMARS (mtambo wa kurushia roketi), Javelin (kombora la kupiga vifaru), Patriot (mfumo wa kutungua ndege na makombora) au F-35 (ndege ya kivita) kunifikia mezani. Waandishi chipukizi huniuliza wafanyeje ili waziandike habari hizo kwa usahihi bila kugeuka wapiga debe wa kiwanda. Ushauri ninaowapa ni kwamba wasianze na silaha. Waanze na divisheni inayoitengeneza, kisha waulize mkataba wake ni wa aina gani, kwa maana hapo ndipo panapojulikana nani atabeba hasara mambo yakienda kombo. Mfano ninaoupenda ni Lockheed Martin, kwa kuwa ndiyo kampuni inayoongoza duniani kwa mauzo ya silaha, na kwa kuwa ripoti yake ya mwaka, ile Fomu 10-K inayowasilishwa kwa SEC, mamlaka ya kusimamia masoko ya mitaji ya Marekani, husomwa mtandaoni bila malipo.

Kampuni hiyo, yenye makao makuu Bethesda katika jimbo la Maryland, ilizaliwa mwaka 1995 baada ya Lockheed na Martin Marietta kuungana. Biashara yake imegawanywa katika divisheni nne. Ya ndege inaongozwa kutoka Fort Worth, Texas, na ndiyo inayounda F-35, F-16 na ndege za mizigo za C-130J. Ya makombora ina PAC-3 na THAAD, ambazo hutungua makombora ya adui, pamoja na mitambo ya HIMARS. Ya tatu imechanganya helikopta za Sikorsky, ikiwamo Black Hawk, na mfumo wa Aegis unaolinda meli za kivita. Ya nne ni ya anga za juu, na humo chombo cha Orion cha NASA, kilichobuniwa kuwapeleka wanaanga mwezini, kimewekwa katika daftari moja na Trident II, kombora la nyuklia linalorushwa kutoka nyambizini. Sijawahi kuuzoea ujirani huo.

Mauzo ya mwaka 2024 yalifikia takriban dola bilioni 71, na karibu robo nzima ya fedha hizo ilitokana na mradi mmoja tu, F-35. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini uamuzi wa Pentagon wa kutozipokea F-35 zenye vifaa vipya vya kompyuta, kuanzia Julai 2023 hadi Julai 2024, kwa sababu programu zake hazijakamilika, haukuwa habari ya teknolojia pekee. Ndege zilikuwa zinatoka kiwandani na kuegeshwa, huku sehemu ya malipo ikisubiri zipokelewe.

Jambo la pili ni kuacha kuihesabu silaha nzima kuwa mali ya kampuni moja. Patriot ndiyo inayowakosesha wengi. Rada na mitambo yake ya kurushia hutengenezwa na Raytheon, ambayo sasa ni sehemu ya RTX, na kampuni hiyo ina kombora lake pia. Lakini kombora la PAC-3 MSE, ambalo hulipiga kombora la adui kwa kulivaa moja kwa moja badala ya kulipuka karibu yake, ni la Lockheed Martin na huunganishwa Camden, Arkansas. Hata hapo safari haijaisha, kwani kifaa cha kutafutia shabaha kilichomo puani hutengenezwa na Boeing huko Huntsville, Alabama, na injini ya roketi hutoka Aerojet Rocketdyne. Lockheed Martin ilitaka kuinunua Aerojet Rocketdyne, lakini mamlaka ya ushindani wa kibiashara ya Marekani ikaenda mahakamani kupinga, na ununuzi ukafutwa Februari 2022. Mwaka uliofuata Aerojet Rocketdyne ikachukuliwa na L3Harris, kampuni nyingine ya ulinzi ya Marekani. Kwa hiyo unapoandika kwamba Juni 2024 jeshi la Marekani liliagiza makombora 870 ya PAC-3 MSE kwa dola bilioni 4.5, uliza pia kama hao wanaotengeneza pua na injini wanaweza kwenda na kasi hiyo. Mara nyingi jibu la kwa nini silaha zinachelewa liko kwao, ingawa majina yao hayafiki kwenye kichwa cha habari.

Sasa mikataba, na hapa ndipo ninapomtaka mwandishi atulie. Kuna mkataba ambao serikali hulipa gharama zote halali na kuongeza faida iliyokubaliwa, na kuna ule wa bei maalumu, ambao gharama zikipanda kupita kiwango kilichowekwa, nyongeza humwangukia mkandarasi. Katika robo ya pili ya mwaka 2025, Lockheed Martin ilitangaza hasara za miradi zinazofikia dola bilioni 1.6, na faida yake ya miezi hiyo mitatu ikashuka hadi dola milioni 342. Dola milioni 950 zilihusu mradi mmoja wa siri wa divisheni ya ndege, ambao ripoti haiutaji jina lakini inakiri kwamba mkataba wake ni wa bei maalumu. Dola milioni 570 zilihusu helikopta za baharini za Kanada, na hizo zina historia ndefu: Kanada iliagiza helikopta 28 za Cyclone kutoka Sikorsky mwaka 2004, miaka 11 kabla Lockheed Martin haijainunua Sikorsky kwa takriban dola bilioni 9. Mnunuzi wa kampuni hununua pamoja na ahadi zake. Mwandishi aliyeisoma divisheni ya tatu hakushangaa sana alipokutana na jina la Kanada. Waliozoea kufuatilia F-35 peke yake walibaki wakitafuta ndege iliyoanguka.

Mwisho ni tarakimu za mauzo ya nje. Serikali ya Marekani inapoliarifu Bunge lake kwamba nchi fulani imeruhusiwa kununua silaha, kiasi kinachotajwa ni makadirio ya juu, na mara nyingi kinajumuisha vipuri, mafunzo na huduma za miaka mingi. Februari 2023 Poland iliidhinishiwa HIMARS na roketi zake kwa makadirio ya dola bilioni 10, na meza nyingi za habari zikaandika kwamba Poland imenunua. Siku ile hakuna mkataba wa kiasi hicho uliokuwa umesainiwa. Mezani kwangu taarifa za namna hiyo hutoka na maneno “imeruhusiwa kununua, kwa thamani isiyozidi”, na neno “imenunua” husubiri hadi mkataba utiwe saini, hata kama mashirika makubwa yameshatutangulia kwa saa kadhaa.