Malaria imetibiwa, mbona kipimo bado kina mistari miwili?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka minne, kilo 16, alimaliza dawa mseto ya malaria wiki iliyopita. Homa imekwisha, anacheza, lakini kipimo cha kidole bado kinaonyesha malaria. Muuza dawa anataka kumwanzishia dozi nyingine. Nikubali? – Mama wa Jinja

JIBU: Marahaba, mama. Usikubali. Vipimo vingi vya haraka vinavyotumika Uganda havitafuti kimelea chenyewe, vinatafuta protini iitwayo HRP2 inayoachwa na kimelea cha malaria, *Plasmodium falciparum*. Vimelea hufa ndani ya siku chache, protini hubaki kwenye damu wiki kadhaa, pengine zaidi ya mwezi. Ndiyo maana kipimo hicho hakifai kuthibitisha kupona, ingawa madukani hukitumia hivyo kila siku.

Homa ikirudi, omba damu ipimwe kwa darubini. Hapo huonekana vimelea vyenyewe.

La kukagua ni jinsi alivyomeza. Ikiwa alipewa artemether-lumefantrine, aina ya dawa mseto, kwa kilo 16 ni vidonge 2 kila mara, mara 6 kwa siku 3: dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Dawa hiyo humezwa pamoja na maziwa au mchuzi wa karanga, kwa kuwa lumefantrine bila mafuta hufyonzwa kidogo sana. Akitapika ndani ya saa moja, dozi hurudiwa.

Degedege, kushindwa kunywa au kutapika kila kitu: mkimbize kituo cha afya saa hiyo hiyo.