Maswali yenu: ramani za mafuriko ya mto Sabaki, pwani ya Kenya

Huku Mambrui jua linawaka, halafu Sabaki inafurika usiku na kubeba mahindi. Maji hayo yatoka wapi?

Yatoka bara. Mto ni huo huo: juu, upande wa Nairobi, waitwa Athi, ukipita Ukambani na kuungana na Tsavo wawa Galana, ukitufikia ni Sabaki. Kwa hiyo anayechora ramani ya hatari ya mafuriko huku Magarini kwa mvua ya Malindi peke yake anapoteza muda. Kompyuta hupewa vipimo vya mwinuko, ikafuata miteremko yote mpaka ionyeshe eneo zima linalomwaga maji mtoni.

Wakati wa mvua kuna mawingu. Setilaiti itaona nini?

Kamera ya kawaida haioni kitu. Rada inaona, kwa mfano Sentinel-1 ya Ulaya, ya kwanza ilirushwa 2014. Mawimbi yake hupenya mawingu, usiku na mchana. Yakigonga maji yaliyotulia huteleza upande wa pili yasirudi, na mahali hapo hutokea peusi pichani.

Lakini si kila cheusi ni mafuriko. Mabwawa ya chumvi ya Gongoni yakijaa ni meusi hata kiangazi. Lami ya uwanja wa ndege nayo vilevile. Ndiyo maana huwekwa kando picha ya kiangazi, na kilichokuwa cheusi tangu hapo kikaondolewa. Kwenye mikoko mambo hugeuka: maji yakisimama kati ya mashina, mwangwi waweza kurudi kwa nguvu na picha ikang'aa.

Ramani ilipaka shamba langu kijani, yaani salama. Maji yakafika dirishani. Nani alikosea?

Nashuku data ya mwinuko. Ile ya bure inayotumiwa na wengi ilipimwa kwa rada na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000, kwa siku 11. Kila kipimo chake ni mraba wa kama mita 30 kwa 30, na kimo chaweza kukosewa kwa mita kadhaa. Mlimani si neno. Kwenye tambarare ya Sabaki, mita mbili ndizo zinazotenga ghala kavu na ghala la mahindi yaliyooza. Isitoshe, penye minazi minene rada ile haikufika chini, basi shamba likaonekana limeinuka kuliko lilivyo.

Ule mstari wa tope ulioachwa na maji ukutani usiupake chokaa kwanza. Upime kwa tepu ya fundi kutoka ardhini, upige picha, uandike tarehe. Mahali pachukue kwa simu, ila kimo cha simu usikitegemee. Waulize wazee maji ya El Niño ya 1997 yalikomea wapi. Alama hizo ndizo humwonyesha mchoraji alipokosea. Ramani ambayo wazee wa kijiji hawajaitazama, mimi siiamini, hata ipendeze vipi.

Na mjini, mvua ya saa moja tu barabara zimejaa?

Hapo setilaiti haifai: ikipita, maji yamekwisha kukauka. Kakague mitaro na plastiki zilizomo.

Mimi ni mwanafunzi, sina pesa. Nianzie wapi?

QGIS, programu ya kuchora ramani kwenye kompyuta, ni bure. Picha za Sentinel pia, na za Landsat, setilaiti za Marekani, tangu 1972. Wala mambo ya anga si mageni kwetu: setilaiti Uhuru ilirushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapa Ngomeni, ingawa kazi yake ilikuwa nyota. Chukua picha mbili za rada za mdomo wa Sabaki, ya Februari, kiangazi, na ya Mei, wakati wa mvua, uzilinganishe.