Kumlazimisha mbunge asomeshe shule ya kata?

Kaka, umeuliza kama iwe sheria mbunge na diwani wasomeshe watoto wao shule za kata, yaani sekondari za serikali za hapa hapa kwenye kata. Mimi nasema hapana. Aliyegombea ni baba, mtoto hakuomba kura ya mtu.

Ila aibu waione. Huku kwetu Uyole, Mbeya, saa kumi na mbili kasoro, baridi ya Juni inakata masikio, basi la njano la shule ya Kiingereza linapiga honi getini kwa diwani mmoja (simtaji). Wanaopita pembeni kwa miguu, sweta limetoboka kiwiko, ndio wa shule aliyoikatia utepe yeye mwenyewe. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa 2016, sawa, lakini mahindi na maharage ya chakula cha mchana tunapeleka sisi wazazi. Yeye debe hilo hajalibeba, ndiyo maana kwenye kikao cha michango kazi yake ni kuhutubia tu.

Shule za dini nisizitie kapu hilo hilo. St. Francis hapa Mbeya hata asiye Mkatoliki anampeleka binti, anafuata matokeo. Na Tosamaganga kule Iringa ilianza kwa wamisionari kabla serikali haijaichukua. Ilipokuwa mikononi mwa serikali, enzi hizo, mkubwa kumpeleka mwanawe bweni la serikali hakukuwa habari.

Badala ya sheria, fomu ya kugombea iulize tu: watoto wako wanasoma wapi? Ibandikwe ofisi ya kata, tusome wenyewe.